Mfalme Aliyesikiliza na Wafungwa Walioimba

Someni kwanza: 1 Samweli 10:5–10, 16:14–23, 18:10–11, Matendo 16:22–34.

Ndugu wapenzi, na hasa ninyi walimu wa kwaya: wako Wakristo wengi, hapa Mashewa na kwingineko, wajao kanisani Jumapili, wakakaa, wakaisikiliza kwaya, kisha wakarudi nyumbani na uchovu ule ule wa roho. Je, wimbo umekosa nguvu?

Mtazameni mfalme Sauli. Roho mbaya ilipomsumbua aliletewa Daudi ampigie kinubi, naye akapata nafuu. Lakini endeleeni mpaka sura ya 18. Daudi yuko pale pale, apiga kama siku zote, na Sauli amtupia mkuki. Kinubi hakikubadilika, wala mpigaji. Nafuu ya Sauli ilikuwa ya kuletewa, ilikuja ikaenda.

Tena Sauli mwenyewe aliwahi kuonja iliyo bora. Katika sura ya 10 akutana na kundi la manabii washukao na kinanda na matari na filimbi na kinubi. Siku ile hakukaa kando asikilize. Aliingia kati yao, akatabiri pamoja nao, akageuzwa kuwa mtu mwingine. Si vinanda vilivyomgeuza, ni Roho wa Mungu. Lakini Roho alimjia akiwa kati ya wenzake. Baadaye alikaa peke yake nyumbani, na mkuki mkononi.

Sasa mlinganisheni na Paulo na Sila huko Filipi. Wamepigwa kwa fimbo, miguu imo katika mkatale, hawana kinubi wala zeze. Luka hasemi kwamba walikuwa na sauti nzuri (na mgongo wenye majeraha hauachi pumzi nyingi). Asema tu ya kuwa usiku wa manane waliomba na kuimba, na wafungwa wengine wakawasikiliza. Angalieni utaratibu wa habari: wimbo ulitangulia, tetemeko likafuata. Milango ilipofunguliwa, mioyo ya wawili hawa ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Martin Luther alilijua jambo hili. Katika ibada za ujana wake sehemu kubwa iliimbwa kwa Kilatini na mapadre na waimbaji wao, na watu wakasikiliza. Mwaka 1524 rafiki yake Johann Walter alitoa huko Wittenberg kitabu cha nyimbo za sauti nyingi, na Luther akakiandikia dibaji, akitaka vijana wajifunze humo.

Sisi wa Usambara tuna mfano mwingine ulio karibu. Misioni iliyofika Mlalo mwaka 1891 ilishikamana na Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, ambako mchungaji Johannes Kuhlo (1856–1941) alifundisha wapigaji wa tarumbeta miaka mingi. Kuhlo alitaka wapigaji wasome nota zile zile za waimbaji, ili shaba na sauti za watu ziende pamoja. Tarumbeta zisikiwazo katika sharika za Kilutheri za Tanzania hata leo zatoka katika desturi hiyo ya Kijerumani. Na aliyewahi kupiga ajua: mtu mmoja hawezi kupiga sauti nne. Mpigaji wa besi akikosekana, wimbo wote wayumba, na wenzake humwulizia yu wapi. Ni Wakristo wangapi wasioulizwa na mtu wakikosa kuja?

Basi, mwalimu, jaribu hivi. Wazee wetu walipolima kwa ujima, mmoja alianzisha wimbo na wote wakaitikia. Hapakuwa na watu wa kutazama. Chagua wimbo wenye kiitikio kifupi, uwafundishe watu wote kabla ya ibada, bila kinanda cha umeme wala spika, mpaka kila mtu amsikie jirani yake. Waliogombana wasimame katika sauti moja. Ni vigumu kuimba sauti moja na mtu usiyetaka kumsikiliza. Na mzee ambaye sauti yake imekwisha kukwaruza, usimwambie anyamaze. Mweke karibu na waimbao besi.