Daktari Anapouliza Hali ya Moyo Wako Baada ya Kujifungua

Umempeleka mtoto kliniki kwa chanjo za miezi miwili. Chanjo ni za mtoto, lakini nesi anakupa wewe karatasi yenye maswali kumi. Bado unacheka? Unajilaumu bila sababu? Unalia? Daktari anaingia, anasoma majibu, kisha anatoa simu na kuanza kubonyeza. Hapo akina mama wengi huogopa. Hudhani anaandika habari za kuwapelekea watu wanaochukua watoto. Ndiyo maana wengine hujibu "sina shida" mahali pote, wakarudi nyumbani na mzigo uleule.

Basi tuanze na hiyo karatasi. Maswali yake yalitungwa Scotland na kuchapishwa mwaka 1987, na huitwa kipimo cha Edinburgh. Huuliza kuhusu siku saba zilizopita. Kila jibu lina alama kutoka 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haipiti 30. Alama zikiwa nyingi, daktari anajua inafaa kuzungumza nawe zaidi. Swali la mwisho, la kutaka kujidhuru, huangaliwa peke yake hata kama mengine yote ni mazuri. Si wakimbizi tu wanaoulizwa. Madaktari wa watoto Marekani wameshauriwa kumuuliza kila mama mtoto anapofikisha mwezi 1, 2, 4 na 6, awe amezaliwa Fort Worth au Uvira.

Na simu? Daktari wa watoto, au aliyekuzalisha, si bingwa wa magonjwa ya akili. Anahitaji msaada, na Texas anao. Katika mji wa Amarillo, Chuo Kikuu cha Texas Tech kina kituo kiitwacho InfantRisk, kinachochunguza dawa zinavyopita kwenye maziwa ya mama. Kituo hicho kina programu ya simu kwa ajili ya madaktari: anaandika jina la dawa, anaona kama inafaa kwa mama anayenyonyesha. Dawa zimepangwa kwa madaraja, kuanzia L1, iliyo salama zaidi, hadi L5, isiyofaa kabisa. Kwa hiyo anapobonyeza mbele yako, huenda anatafuta dawa ambayo haitakulazimisha kumwachisha mtoto ziwa. Muulize. Una haki ya kujua anachosoma.

Pia kuna mtandao uitwao PeriPAN, unaohudumia Texas nzima tangu 2023. Daktari wako, akiwa Houston au Dallas, hupiga simu na kuzungumza na bingwa wa akili za wajawazito na waliojifungua. Wewe hulipi kitu kwa simu hiyo. Kwa njia hii mama anaweza kuanza kutibiwa kwa daktari anayemjua, badala ya kungoja miezi apate nafasi kwa bingwa.

Lakini programu hizo zote hazisikii Kiswahili chako, na hapa ndipo mambo huharibika. Ukisema "nina mawazo", sisi tunaelewa kwamba hulali na moyo umelemewa. Mkalimani akilitafsiri neno kwa neno, daktari anasikia kwamba unafikiri tu, na kufikiri si ugonjwa. Ukisema "moyo unaniuma", unaweza kupelekwa kupimwa moyo kwa mashine. Neno "sonona", analolitumia Mtanzania kwa ugonjwa huu, wengi waliotoka Kongo hawalijui.

Kwa hiyo eleza kwa mambo yanayohesabika. "Usiku nalala saa mbili tu, hata mtoto akilala." "Tangu juzi sijala." "Nalia kila siku, ni wiki ya tatu sasa." "Namtazama mtoto na sihisi kitu." Maneno haya hayapotei njiani. Hesabu ya wiki ni muhimu: akina mama wengi hulia na kukosa raha siku za mwanzo, na hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, ni ugonjwa unaotibika, na hapa Marekani humpata takriban mama mmoja kati ya wanane. Si wazimu, wala si kukosa imani.

Mkalimani ni bure, ni sheria. Sema "Swahili interpreter, please" tangu unapopanga miadi. Ikiwa Kibembe au Kinyarwanda ndicho unachokielewa vizuri, taja hicho. Usimtumie binti yako wa miaka kumi, maana hutamwambia kwamba umefikiria kufa, wala yeye hapaswi kulisikia. Ukihofia kwamba mkalimani wa simu ni mtu wa jamii yenu, omba mwingine. Anafungwa na siri kama daktari.

Kuhusu kuchukuliwa watoto: kuwa na huzuni hii, au kumeza dawa yake, si kumtesa mtoto. Daktari analazimika kuchukua hatua akiona hatari kwako au kwa mtoto, na ni vizuri ujue hivyo. Lakini mama anayeomba msaada mapema ndiye anayepunguza hatari hiyo.

Baba, nawe soma hapa. Kule nyumbani arobaini ilikuwa na mama mkwe, mashangazi na uji. Hapa kuna wewe, na zamu ya usiku ghalani. Mkeo akianza kusikia sauti, kusema mambo yasiyoeleweka, au kukesha siku kadhaa bila kuhisi usingizi, usingoje miadi wala maombi ya Jumapili. Piga 911.

Medicaid ya mama mjamzito Texas ilikuwa ikiisha miezi miwili baada ya kujifungua. Tangu tarehe 1 Machi 2024 inaendelea miezi 12. Fungua barua zake, na ukiambiwa imekatwa, zilete kwa msimamizi wako wa kesi kabla hujaacha kwenda kliniki.

Kwa usiku ambao hakuna kliniki iliyo wazi, kuna simu ya taifa ya akina mama, 1-833-852-6262. Ni bure, saa 24, na ina wakalimani. Wakipokea, sema "Swahili" na usikate.