Mlango wa Kujulikana Mlevi wa Bangi Barabarani

Wanafunzi wa fiqhi wajua ya kuwa katika mlango wa ulevi mna masala mbili zilizotengana. Ya kwanza ni: kilevi ni nini, na hukumu yake ni ipi? Ya pili ni: mtu atajulikanaje ya kuwa amelewa? Ya kwanza imesomwa sana, hata watoto wa chuoni waijua. Ya pili ndiyo ngumu. Abu Hanifa alimhisabu mlevi kuwa ni yule asiyepambanua mbingu na ardhi, wala mwanamume na mwanamke. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, waliona kipimo hicho kimekwenda mbali mno, wakatosheka na mtu ambaye mengi ya maneno yake yamevurugika. Na kwa Imamu Shafii, dalili ni mazungumzo yaliyokuwa na mpango kuchafuka, na siri iliyofichwa kutolewa. Vipimo vyote hivi vyatazama akili ya mtu katika saa ile, wala havitazami kilichomo katika mishipa yake.

Masala hiyo ya pili iliwafikia watunga sharia wa Kanada mwaka 2017, nao wakakaa nayo zaidi ya mwaka mzima. Nchi ile ilikuwa imeiharimisha bangi tangu mwaka 1923, na tangu 2001 ikawaruhusu wagonjwa peke yao kuitumia kwa dawa. Serikali ilipokusudia kuihalalisha kwa kila mtu mzima, ilileta mbele ya Bunge miswada miwili siku moja, tarehe 13 Aprili 2017. Wa kwanza, C-45, ulikuwa wa kuruhusu kuuzwa na kuvutwa kwake. Wa pili, C-46, ulikuwa wa kumwadhibu mwenye kuendesha motokaa hali amelewa. Waliosema kuwa miswada hii ni pacha walisema kweli, kwa kuwa hapana mtu aliyethubutu kufungua mlango wa kwanza bila ya kuonyesha ya kuwa mlango wa pili una komeo.

(Hapa msomaji wa vitabu asikosee. Neno *banji* lililomo katika vitabu vya fiqhi ni jina la mmea mwingine; bangi inayosemwa hapa ndiyo ile ambayo wanazuoni huiita hashishi. Kwa Mashafii zote mbili ni haramu, na mwenye kuzitumia bila ya udhuru hutiwa adabu ya taaziri, wala hapigwi hadd ya mnywaji.)

Mjadala wa muswada wa kwanza haukuwa na jambo geni. Serikali ilisema ya kuwa vijana waipata bangi kwa wahalifu, na faida yote yaingia mifukoni mwa wahalifu hao. Basi ni afadhali iuzwe kwa kipimo na kwa umri maalumu. Wapinzani walijibu ya kuwa jambo lililohalalishwa hupunguza haya ya watu. Baraza la Chini, ambalo watu wake huchaguliwa na raia, liliupitisha tarehe 27 Novemba 2017 kwa kura 200 juu ya 82. Seneti, ambayo watu wake huteuliwa, iliurudisha na marekebisho mengi, kisha ikaukubali tarehe 19 Juni 2018 kwa kura 52 juu ya 29.

Muswada wa pili ndio wenye fiqhi ndani yake.

Kwa pombe, Kanada ilikuwa na mizani yake tangu mwaka 1969: miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Mizani hiyo yafanya kazi kwa sababu ya tabia ya pombe yenyewe. Pombe huchanganyika na maji ya mwili, hupanda na kushuka kwa mwendo unaojulikana, na kila ikizidi katika damu ndivyo mkono na jicho vinavyozidi kukosa. Mwenye kuipima pumzi ya mtu aweza kusema kwa karibu sana hali ya mtu huyo ilivyo.

Bangi si hivyo. Kitu chenye kulevya ndani yake, ambacho wataalamu hukiita THC, hakipendi maji bali hupenda mafuta. Mwenye kuvuta, hicho hupanda katika damu yake kwa dakika chache, kisha huanguka upesi kwa kuwa kimekimbilia katika ubongo na katika shahamu za mwili. Kwa hiyo aweza mtu kupimwa saa mbili au tatu baada ya kuvuta, ikaonekana damu yake ina kichache, hali kichwa chake bado kimelewa. Na mwenye kuila katika mkate au peremende ndiye mwenye kudanganya zaidi: ulevi wake huja polepole na hukaa muda mrefu, na damu yake haionyeshi kingi. Kisha kuna aliye kinyume cha hao. Mwenye kuvuta kila siku kwa miaka, shahamu zake zimejaa, nazo hurudisha kidogo kidogo katika damu hata baada ya siku kadhaa za kuacha. Huyu aweza kupimwa asubuhi hali akili yake ni timamu, na damu yake ikamshuhudia vibaya. Basi damu yaweza kumwachilia mlevi na kumkamata mzima.

Watunga sharia waliambiwa haya na wataalamu wao wenyewe. Hata hivyo waliona ya kuwa sharia isiyo na nambari haikamati mtu mbele ya kadhi, wakaweka mipaka mitatu. Mwenye kukutwa, ndani ya saa mbili baada ya kuendesha, na nanogramu 2 za THC katika mililita moja ya damu, zisizofika 5, ana kosa dogo, na faini yake haizidi dola 1,000. (Nanogramu ni fungu moja la gramu iliyogawanywa mafungu milioni elfu.) Mwenye nanogramu 5 au zaidi ana kosa kubwa: mara ya kwanza faini isiyopungua dola 1,000, mara ya pili kifungo kisichopungua siku 30, mara ya tatu siku 120. Na mwenye kuchanganya, akawa na pombe miligramu 50 katika mililita 100 pamoja na THC nanogramu 2 na nusu, ni kama huyo wa pili, kwa kuwa vilevi viwili vikikutana hutiana nguvu.

Mpaka wa tatu una hoja yenye nguvu, na wa pili waweza kutetewa. Wa kwanza ndio uliozusha maneno. Serikali haikudai ya kuwa kila mwenye nanogramu 2 amelewa. Ilisema ya kuwa ni hadhari, ili watu wasichanganye bangi na usukani hata kidogo. Wanafunzi wa usuli wataitambua hoja hii mara moja: ndiyo kuziba njia ya uharibifu kabla haujafika, nayo imeshikwa zaidi na watu wa Malik kuliko watu wa Shafii. Wapinzani walijibu ya kuwa hadhari ni jambo jema katika kukataza, lakini kumpa mtu jina la mhalifu kwataka yakini.

Na hapo ndipo masala ya zamani ya harufu inapofaa kukumbukwa. Mtu akiletwa mbele ya kadhi hali kinywa chake chanuka pombe, je, atapigwa hadd? Malik aliikubali harufu kuwa ni ushahidi, wakiithibitisha wenye kuijua. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho watu wa pwani wamekisoma kizazi baada ya kizazi, hakukubali harufu wala kutapika. Amri ni kukiri au mashahidi wawili wanaume. Sababu yake ni kuwa athari yabaki mwilini wala haisemi imeingiaje: labda alilazimishwa, labda alikosea. Damu ya yule aliyeacha bangi juzi ni harufu ya namna hiyo. Ni athari ya jambo lililopita, si habari ya akili yake ya sasa. Lakini haifai kuifananisha moja kwa moja, maana kadhi wa Minhaj atazama haki ya Mwenyezi Mungu, ambayo huangushwa kwa shaka. Na mtunga sharia wa barabarani atazama damu ya mtoto avukaye njia, na mtoto huyo hana shaka ya kumfufua.

Palikuwa na fakara nyingine iliyozozaniwa zaidi, nayo ni ya pombe. Muswada ulimpa askari mwenye chombo cha kupimia pumzi ruhusa ya kumpima dereva yeyote aliyemsimamisha kwa njia ya halali, hata asipomdhania ubaya wowote. Waliotetea walitoa mfano wa Ayalandi, iliyoanza upimaji wa namna hiyo mwaka 2006. Waliokataa walisema ya kuwa Mkataba wa Haki wa mwaka 1982 wakataza kupekuliwa bila ya sababu, na ya kuwa watu weusi na wenyeji wa asili, ambao husimamishwa zaidi, ndio watakaopimwa zaidi. Kamati ya Seneti ya mambo ya sharia iliifuta fakara hiyo. Serikali haikukubali, na sharia zote mbili zilipotiwa sahihi tarehe 21 Juni 2018, fakara ilikuwamo. Kwa bangi haikuwa hivyo: askari hana ruhusa ya kutaka mate ya dereva mpaka awe na dhana yenye msingi, kama macho mekundu, harufu, au usemi mzito.

Bangi ikawa halali tarehe 17 Oktoba 2018. Miezi miwili baadaye, tarehe 18 Desemba, ilianza sehemu ya mwisho ya C-46, na ndani yake mlikuwa na jambo ambalo wengi hawakulitia maanani. Adhabu ya juu ya kuendesha hali ya ulevi ilipandishwa kutoka miaka 5 hata miaka 10. Kwa raia wa Kanada hiyo ni nambari ya juu ambayo mahakimu huifikia kwa nadra. Lakini sharia ya uhamiaji humhisabu mgeni mwenye kosa linaloweza kufika miaka 10 kuwa ni mhalifu mkubwa, hata ikiwa alilipishwa faini tu. Kwa hiyo mtu wa pwani aliyehamia Toronto, mwenye ruhusa ya kukaa daima lakini asiye na uraia, akipatikana na hatia ya nanogramu 5, au ya kukataa kupimwa, aweza kuondolewa nchini. Na akiwa ni dereva wa lori katika jimbo la Ontario hana hata mipaka ile mitatu ya kutegemea: tangu tarehe 1 Julai 2018 jimbo hilo halimruhusu dereva wa namna yake kuwa na alama yoyote ya bangi inayoonekana kwa kipimo cha mate, na mara ya kwanza tu leseni yake husimamishwa pale pale barabarani.