Kufundisha Historia kwa Mchezo wa Ramani: Quebec, 1759

Utangulizi

Mwanafunzi asomaye habari za vita kitabuni huujua mwisho kabla ya kuuelewa mwanzo. Kwa sababu hiyo humcheka aliyeshindwa na kumsifu aliyeshinda, kana kwamba wote wawili walikuwa wakitazama ramani moja. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha jinsi mchezo wa vita wa mezani, unaochezwa na makundi yasiyoonana, unavyoweza kuirekebisha fikira hiyo.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1824 ofisa wa Prusia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo ambamo kila upande hupeleka amri zake kwa mwamuzi, naye huupa zile habari tu ambazo zingeufikia vitani. Yeye alikusudia kuwafunza maofisa. Sisi twakusudia kuwafunza watoto kupima ushahidi.

Yampasayo mwalimu kuyajua

Mwaka 1759 Waingereza na Wafaransa walikuwa wakigombea makoloni ya Amerika ya Kaskazini. Jemadari Montcalm aliulinda mji wa Quebec, jeshi lake kubwa likiwa Beauport, upande wa mashariki. Bougainville alikuwa na kikosi kingine upande wa magharibi, juu ya mto St. Lawrence. Usiku wa tarehe 12 Septemba, merikebu za Waingereza zilijifanya zataka kushusha askari Beauport. Wakati huohuo mashua za Jemadari Wolfe ziliteremka na maji kutoka magharibi.

Walinzi wa Kifaransa walikuwa wakitazamia mashua za chakula. Safari ya mashua hizo ilikuwa imeahirishwa, lakini walinzi hawakuarifiwa. Walipouliza ni nani apitaye, walijibiwa kwa Kifaransa, wakaziacha mashua zipite. Alfajiri Waingereza wakapanda genge lenye kimo cha takriban mita 50. Kiasi cha saa 4 asubuhi Montcalm alishambulia bila kumngoja Bougainville, ambaye aliwasili mapigano yamekwisha. Wolfe alifia uwanjani. Montcalm alifariki siku iliyofuata. Mji ulisalimu amri tarehe 18.

Matayarisho

Mwalimu atayarishe vipindi viwili vya dakika 40, ramani kubwa yake mwenyewe, ramani ndogo kwa kila kundi, vifuniko vya chupa viwe kete, na dadu moja. Darasa ligawanywe katika makundi matano: Wolfe, Montcalm, Bougainville, walinzi wa ukingoni, na wenyeji wa asili. Makundi yakae mbalimbali, ikiwezekana katika vyumba tofauti. Kila kundi lichague karani na tarishi.

Shule mbili zilizo mbali zaweza pia kucheza pamoja, moja ikishika upande wa Waingereza na nyingine upande wa Wafaransa, walimu wakipelekeana amri kwa simu. Picha ya ramani ikitumwa, isionyeshe kete ambazo upande unaoipokea usingeweza kuziona.

Uendeshaji

Mchezo una zamu nane za dakika tano. Kila zamu ni saa mbili za vita, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 6 mchana.

1. Kundi lijadiliane, kisha karani aandike amri isiyozidi maneno 20. Amri isiyoeleweka itekelezwe kama ilivyoandikwa.

2. Barua kati ya makundi ipitie kwa mwamuzi, naye arushe dadu. Ikiangukia 1, barua imepotea. Ikiangukia 2 au 3, itachelewa zamu moja. Zaidi ya hapo, itafika.

3. Mwanzoni walinzi wapewe habari kwamba mashua za chakula zitapita usiku huo. Habari ya kuahirishwa kwa safari apewe Bougainville peke yake, bila kuambiwa aifanyie nini.

4. Kundi la wenyeji lipewe kadi yenye haja zake: usalama wa vijiji, biashara na ardhi. Laweza kumsaidia mmoja wa wagombanao au kukataa. Waabenaki na Wahuron-Wendat walikuwa mataifa yenye mashauri yao wenyewe, ingawa walipigana upande wa Wafaransa. Kwa hiyo mwalimu asikubali mizaha ya manyoya na makelele.

5. Kete ikiondolewa, mwamuzi aiandike daftarini kimya. Siku ile kila upande ulikuwa na mamia ya watu waliouawa au kujeruhiwa. Si jambo la kupigiwa makofi.

Majadiliano

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Mwalimu asikubali mchezo umle muda huu. Makundi yote yaitwe kwenye ramani kubwa, na kila karani asome amri zake kwa mpangilio wa zamu. Kisha mwalimu aulize: Mlijua nini wakati huo? Mlidhani nini? Ni habari gani iliyokuwapo lakini haikuwafikia? Matokeo ya darasa yakitofautiana na ya mwaka 1759, isihesabiwe kuwa ni kasoro. Wanafunzi watafute ni barua ipi iliyoleta tofauti.

Mwishowe mwalimu aeleze Mkataba wa Paris wa mwaka 1763, ambao kwao Ufaransa iliiachia Uingereza Kanada. Wenyeji hawakuwa na kiti katika mapatano hayo. Mwaka huohuo Pontiac, kiongozi wa Waottawa, aliizingira ngome ya Detroit, na vita vikaenea. Kundi la wenyeji liulizwe kama mkataba ulizijibu haja zilizoandikwa kwenye kadi yake. Mtoto wa Afrika, ambaye ugawanyaji wa bara lake uliwekewa kanuni katika mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 hadi 1885, hatahitaji maelezo marefu kulifahamu jambo hilo.

Hitimisho

Mwalimu asiupime mchezo huu kwa kuuliza nani ameshinda. Aupime kwa kazi ya kuandika: kila mwanafunzi aeleze, kwa aya moja, uamuzi mmoja wa kundi lake na habari zilizousababisha. Mwanafunzi awezaye kusema, “Tulifanya hivi kwa sababu hatukujua lile,” ameanza kuisoma historia. Naye asemaye, “Hawa hawakuulizwa,” amepiga hatua ya pili.