Chini ya Gari ya Koperativi: Namna ya Kutoa Lami ya Zamani kwa Mashine



Katika masomo ya mbele tulizungumza juu ya mbegu, mboji na namna ya kukausha mavuno. Mara hii tunaingia chini ya gari. Mtu anaweza kuuliza: watu wa kilimo wanatafuta nini huko? Jibu ni fupi. Viazi na maharagwe vikibaki kwenye depo havileti franga. Na koperativi zingine ziko na gari moja tu, tena ya miaka mingi: Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ao Toyota Land Cruiser ya aina ya 40, ambayo Japani iliacha kuitengeneza 1984.

Magari haya yamepakwa lami nyeusi chini, ile mafundi wanaita gudroni. Wengine wanapaka mpya juu ya ya zamani kila wakati, bila kuangalia kilicho ndani. Somo hili linaonyesha namna ya kuitoa kwa mashine bila kuharibu chuma, bila kuwasha moto na bila kupoteza jicho la mtu.

1. Lami inalinda, lakini inaficha pia

Lami mpya iliyoshika vizuri inafanya kazi yake: inazuia maji, matope na mawe visifike kwenye chuma. Shida inaanza ikizeeka. Inakauka, inapasuka, na maji yanaingia katika ufa. Yakishaingia hayakauki upesi, kwa sababu lami ileile inayafunika. Kutu inakula chuma polepole, na mwenye kuchungulia chini anaona weusi tu, anasema gari iko muzuri.

Wakulima wa muhogo wanajua jambo hili. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaweza kuacha shina na majani yanaonekana mazima, halafu siku ya kuvuna unakata muhogo, unakuta umeoza ndani. Shasi ya zamani ni vilevile.

Tena magari yetu yanaumia juu ya mizigo tunayobeba. Mbolea nyingi za NPK ziko na kloridi ya potasiamu, ambayo ni aina ya chumvi. Mfuko ukipasuka, chumvi hiyo inavuta unyevu wa hewa, inashuka kupitia matundu ya sakafu, inakaa juu ya shasi. Maji ya samaki wa chumvi yanafanya hivyohivyo. Samadi nayo inakula chuma.

Chuma cha shasi ya Land Rover Series kina unene wa karibu milimita 2 tu, na shasi yenyewe ni kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Kutu inaweza kuila kutoka nje na kutoka ndani. Ikikatika pale resori zinaposhikwa, wakati gari imejaa magunia na mama zetu wamekaa juu ya magunia, shofere anaweza kupoteza usukani kwenye mteremko. Njo maana somo hili si juu ya urembo wa gari.

Lakini tusikosee upande mwingine. Lami ambayo bado imeshika kabisa, haina ufa wala uvimbe, muiache. Kazi ni kutoa ile iliyopasuka, iliyovimba ao inayobanduka ukiichokonoa, na kuifuata mpaka pale unapokuta imeshika. Sehemu moja peke yake ndiyo mtaifungua hata kama lami inaonekana nzima: pale resori zinaposhikwa kwenye shasi.

2. Mbele ya kuwasha mashine

Chagua kiangazi. Huku Kivu ya Kusini, kati ya mwezi wa 6 na wa 8 ni wakati mzuri. Chuma kikibaki wazi wakati wa mvua kinaweza kuanza kutu siku ileile.

Osha chini ya gari kwa maji na brosi ngumu, uiache ikauke siku moja ao mbili. Matope yakibaki, mashine inafanya kazi ya bure.

Weka gari kwenye uwanja wa sawasawa, zuia magurudumu, kisha uisimamishe juu ya vikalio vya chuma ao magogo mazito ya mbao ngumu, yaliyopangwa kwa kupishana. Kriki ni ya kuinulia, si ya kushikilia gari mtu akiwa chini. Matofali pia hapana: yanaweza kupasuka ghafla. Mbele ya mtu kuingia, watu wawili wasukume gari kwa nguvu kutoka pembeni. Ikitikisika, mpange upya.

Toa waya za batri. Ondoa tanki ya mafuta kama fundi wa gari anaweza, na muipeleke mbali. Kama haitoki, sehemu zote za karibu nayo zifanywe kwa mkono tu, bila mashine yoyote.

Tafuta kwa vidole bomba za freni na waya za umeme. Mara nyingi nazo zilipakwa lami, hazionekani upesi. Chuma cha bomba ya freni hakifiki hata milimita 1 ya unene. Mzifunike, mzipitie kwa kitambaa na kisu cha mbao, na mashine isizikaribie.

3. Mashine gani kwa kazi gani

Mashine ya kwanza ni ya diski, ile mafundi wanakatia nondo. Kwa kazi hii haifungwi diski ya kukata wala ya kusaga. Diski ya kusaga inapunguza chuma ambacho tayari ni chembamba, na ya kukata ikitumiwa kwa ubavu inaweza kupasuka. Funga brosi ya waya. Soma namba iliyoandikwa kwenye brosi: mizunguko yake ya mwisho lazima ilingane na ya mashine ao iipite. Mashine ndogo ya diski ya milimita 115 mara nyingi inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Brosi iliyotengenezwa kwa mwendo mdogo itatupa waya zake kama misumari.

Mashine ya pili ni ya kutoboa, yenye brosi ndogo ya waya. Inazunguka polepole zaidi, haiyeyushi lami sana, na inaingia kwenye kona. Kwa fundi anayejifunza, tunashauri aanze na hii.

Kitu cha tatu hakina umeme: kikwangulio. Kipande cha resori ya zamani kilichonolewa upande mmoja, chenye mpini wa mbao, kinatosha. Hiki njo kitafanya sehemu kubwa ya kazi.

Umeme: jenereta ya wati 2000 inatosha mashine moja ndogo ya diski. Iwekwe nje, mbali na mtu aliye chini ya gari, maana moshi wake unaua bila kupiga kelele.

4. Kazi yenyewe

Hatua ya kwanza: kwangua asubuhi. Lami ya baridi ni ngumu na inavunjika kwa vipande. Lami ya jua ni laini na inanata. Katika milima ya Lubero ao Masisi, saa ya kwanza mpaka saa nne asubuhi ni wakati mzuri. Kwa ndugu zetu wa Uvira na Fizi, kwenye joto, waanze mapema zaidi. Kwangua kwa mkono mpaka ibaki ngozi nyembamba tu. Watu wengi wanaruka hatua hii, wanawasha mashine juu ya lami nene. Brosi inazunguka kwa kasi, lami inapata moto, inayeyuka, inajaza waya, na badala ya kutoka inapakwa upya kwenye chuma.

Hatua ya pili: pitisha brosi kwenye ile ngozi iliyobaki. Usikandamize. Gusa, hesabu mpaka tatu, uondoe, uhamie pembeni, kisha urudi. Ukiona lami inang'aa ama inatoa moshi, umekaa sana mahali pamoja. Kwenye ukingo wa chuma, shika mashine namna brosi inazunguka kutoka ndani kwenda nje. Ikizunguka kuingia kwenye ukingo inaweza kudaka na kuruka usoni. Kinga ya mashine isitolewe, na mikono miwili ibaki juu ya mashine.

Hatua ya tatu: alama nyeusi zinazobaki, zifute kwa kitambaa chenye mazuti kidogo, mashine ikiwa imezimwa. Kisha osha kwa maji ya sabuni na ukaushe, kwa sababu rangi haishiki juu ya mafuta.

Kwa wenye Land Rover: sehemu kubwa ya mwili wake ni aluminiamu, lakini shasi ni chuma. Brosi ya waya isipite juu ya aluminiamu. Inaikwaruza na kuacha vipande vya chuma vitakavyoleta uharibifu. Tumia kikwangulio cha mbao ao plastiki. Angalieni vizuri pale aluminiamu inapogusana na chuma: unyevu ukiingia katikati yake, aluminiamu inaharibika na kuwa unga mweupe.

5. Macho, moto, vumbi na udongo

Mwenye kushika mashine avae miwani ya kufunga pande zote, na juu yake kinga ya uso mzima. Miwani ya jua hapana. Nguo zisiwe na kamba wala mikono mipana, kitambaa cha shingo kitolewe, watoto wakae mbali.

Esanse isitumiwe kabisa kulainisha lami. Mvuke wake unatambaa chini na cheche moja inatosha. Na siku mliyofuta na mazuti, vitambaa vitolewe mbele ya mashine kuwashwa tena. Mtu mmoja abaki pembeni na ndoo mbili za mchanga na ujuzi wa kuzima jenereta.

Vumbi: baadhi ya lami za magari ya zamani zilichanganywa na nyuzi za amianti, na rangi nyingine za chini ziko na risasi. Zote mbili ni sumu, tena madhara yake yanakuja nyuma ya miaka. Kitambaa cha mdomo hakitoshi; tafuta maski ya FFP3. Ukivunja kipande cha lami ukaona nyuzinyuzi, simamisha mashine. Sehemu hiyo ilowanishwe na ikwanguliwe kwa mkono, ao iachwe na kufunikwa.

Tandika bashi chini ya gari, makombo yote yaanguke juu yake. Yasichomwe, yasiwashie jiko, yasitupwe shambani wala karibu na chemchemi. Yawekwe ndani ya pipa lenye kifuniko. Kazi hii isifanyike karibu na uwanja wa kuanikia kahawa ao mahindi: vumbi hilo likitua juu ya mavuno, mtakula ao mtauza sumu.

6. Nyuma ya kusafisha: sikiliza chuma

Sasa chuma kinaonekana. Chukua nyundo ndogo, gonga kidogokidogo kwa urefu wote wa shasi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya bubu. Hapo chokonoa na bisibisi: ikizama, weka alama ya chaki.

Alama ikiwa karibu na pale resori, usukani ao injini vinaposhikwa, gari isibebe mzigo wala watu mpaka fundi wa kuchomelea amekata chuma kibovu na kuweka kipya. Kipande kilichobandikwa juu ya kutu hakina mahali pa kushika. Mbele ya kuchomelea, lami yote ya karibu itolewe na tanki iwe mbali, maana lami inawaka.

Kwenye chuma kizima, paka rangi ya kuzuia kutu siku ileile. Njo maana tunafanya sehemu ndogondogo, kama mita moja kwa siku, badala ya kufungua gari nzima na kuiacha wazi. Tabaka mbili za kuzuia kutu, kisha rangi ya kawaida, na zikikauka kabisa njo lami mpya, nyembamba. Fungua kwa waya matundu ya kutolea maji ya shasi na musiyafunike tena, ndiyo inavyopumua.

Mwisho, katibu aandike ndani ya daftari ya gari: tarehe, sehemu iliyofunguliwa, alama zilizopatikana, nani alitengeneza. Kama shasi imeoza sana, ni afadhali mkutano mkuu uamue mbele ya mavuno, gari ikiwa tupu uwanjani. Gharama ya fundi inaumiza, tunajua. Lakini inaweza kupangwa na kulipwa kidogokidogo. Ya ajali haipangwi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Gari yetu ilipakwa lami mara ya mwisho lini, na nani aliangalia chuma mbele ya kupaka?

Ni mizigo gani tunayobeba inayokula chuma, na nani anaosha gari nyuma ya kuishusha?

Tukikuta shasi imeoza leo, kuko njia gani nyingine ya kufikisha mavuno sokoni wakati gari inatengenezwa?