Kabla ya Kumfunga Pampasi

Mdogo wangu wa Minnesota, barua yako nimeisoma. Msimamizi wa hapo kwenye nyumba ya wazee anataka wote wafungwe pampasi kabla ya kulala, na kuna bibi mmoja anakushika mkono na kukataa. Mimi niko upande wa bibi.

Mwenye ugonjwa wa kusahau kama yeye, mara nyingi kibofu chake bado kinafanya kazi. Kilichompotea ni njia: choo kiko wapi, zipu inafunguliwaje, akishaketi afanye nini. Ukimzoeza kujisaidia kwenye pampasi, mwili nao unazoea, na mashuka ya kubadilisha yatakuwa yako.

Kwanza mchunguze. Siku 3 mfululizo andika saa anazokwenda haja na saa unazomkuta amelowa. Utaziona saa zake. Baada ya kifungua kinywa tumbo la wengi huamka, kwa hiyo mpitishe chooni kabla hujamketisha mbele ya televisheni. Haja ndogo, mchana muulize kila baada ya saa 2 hivi. Akikataa usimburute, ondoka, rudi baadaye na sauti nyingine. Akifanikiwa msifu, ila kama mtu mzima, jamani. Makofi na vigelegele mwachie mwanao.

Na usingoje aseme anataka choo. Atavuta sketi, atainuka na kuketi, atarandaranda koridoni, atagombana na jirani. Sisi tunaandika "ana fujo", kumbe mwenzetu amebanwa.

Usiku acha mlango wa choo wazi na taa iwake, akione akiwa kitandani. Kiti cha choo kiwe chekundu au bluu, maana cheupe mbele ya ukuta mweupe hakioni. Zulia jeusi liondoe. Yeye anaona shimo. Kioo kifunike kama anamwona mgeni ndani yake. Nani atavua nguo mbele ya mgeni? Mvalishe suruali ya mpira kiunoni. Maneno yako yawe mafupi: "Simama." Subiri. "Shika hapa." Anachoweza kuvua, mwache avue, wewe mwekee tu mkono kwenye pindo.

Usimnyime maji ili asikojoe: choo kitakuwa kigumu, mkojo utakuwa mzito, na kibofu kitazidi kusumbua. Aliyekuwa mkavu akianza kulowa ghafla, mwambie nesi siku hiyo hiyo. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, au dawa mpya. Hata dawa za kutuliza kibofu, kama oksibutinini, zinaweza kumzidishia kuchanganyikiwa.

Sasa msimamizi. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inazitaka nyumba hizo zimsaidie mkazi aliyeingia akiweza kujizuia aendelee hivyo, isipokuwa hali yake ya kiafya imefanya isiwezekane. Usiende kugombana. Mpelekee karatasi yako ya siku 3, omba saa za bibi ziandikwe kwenye mpango wake wa huduma, na wa shifti ya usiku azifuate. Msimamizi akishikilia pampasi, basi iwe ile ya kuvaa kama chupi, na chooni bibi aendelee kwenda.