Waasi Waliosamehewa: Somo Kutoka Kinamasi cha Liangshan

Wanachuo wenzangu, mwaka jana jamaa yangu mmoja wa hosteli alisimamishwa masomo kwa kosa la kuongoza wenzake kwenda kudai maji. Wiki tatu baadaye akaambiwa: andika barua ya kuomba radhi, utasamehewa, urudi darasani. Akaja kuniuliza afanyeje. Nikamwambia, "Saini bwana, tumalize mwaka." Akasaini. Akarudi. Maji bado yanatoka siku yanapojisikia.

Wakati ule niliona nimempa ushauri wa mtu mzima. Likizo iliyofuata nikasoma Shuihu Zhuan, riwaya ya Kichina ambayo jina lake ni kama kusema Hadithi ya Ukingoni mwa Maji, na tangu hapo sina uhakika tena. Nimeona niandike juu ya kitabu hiki, kwa sababu wengi tunakijua kupitia filamu za mapigano tu, na filamu nyingi huishia kabla ya mahali panapouma.

Kitabu chenyewe

Riwaya hii inahusu utawala wa Kaizari Huizong wa nasaba ya Song, aliyeshika kiti mwaka 1100. Huizong wa historia alikuwa mchoraji hodari, tena mpenda bustani. Maofisa wake walizunguka kusini kumtafutia mawe na miti ya ajabu, wakavunja hata kuta za watu ili mizigo ipite. Kero hiyo ilichangia uasi mkubwa wa Fang La mwaka 1120. Wakati huohuo kulikuwa na mwasi mwingine, Song Jiang, ambaye kumbukumbu za nasaba zinamtaja kwa ufupi tu: alisumbua majimbo akiwa na viongozi 36, akasalimu amri mwaka 1121.

Kutokana na mistari hiyo michache, wasimulizi wa mitaani waliongeza visa kizazi baada ya kizazi, mpaka 36 wakawa 108. Kitabu kinahusishwa na Shi Nai'an, na wengine humtaja pia Luo Guanzhong. Mimi nilisoma tafsiri ya Kiingereza ya Sidney Shapiro, yenye sura 100. Idadi ya sura ina maana yake, nitaieleza.

Mtu mwema anavyosukumwa nje

Hadithi haianzi na waasi. Ukiacha dibaji ya mashetani waliofunguliwa kwa bahati mbaya, inaanza na Gao Qiu, mhuni wa mjini ambaye sifa yake kubwa ni kupiga mpira vizuri. Siku moja mpira unamfikia, anaurudisha kwa ustadi mbele ya mwana wa mfalme, na mwana wa mfalme anampenda. Huyo mwana wa mfalme ndiye anayekuja kuwa Kaizari. Haupiti muda, mpiga mpira ni mkuu wa majeshi. Yaani mwandishi anatuambia mapema: fujo ya nchi hii ilianzia juu.

Halafu anatuletea Lin Chong, mwalimu wa silaha wa askari walinzi. Lin Chong ni mtumishi mtiifu hasa. Mtoto wa kulea wa Gao Qiu anamtamani mke wake. Lin Chong anainua ngumi, anamtambua kijana ni nani, anaishusha. Hiyo ngumi iliyoshushwa haimsaidii kitu. Anauziwa upanga kwa hila, anaitwa auonyeshe, anaingizwa nao kwenye ukumbi ambao ni marufuku kuingia na silaha, anashitakiwa kwamba alitaka kumuua mkuu wake. Anatiwa alama ya mfungwa usoni na kupelekwa uhamishoni.

Huko bado anavumilia. Anapewa kazi ya kulinda bohari ya majani ya farasi. Usiku wa theluji, kibanda chake kinaelemewa na kubomoka, anakwenda kulala kwenye hekalu dogo jirani. Akiwa ndani anaona bohari inawaka moto, na nje ya mlango anasikia watu wakichekelea kwamba mara hii Lin Chong ameiva. Mmoja wao ni rafiki yake wa zamani. Anawaua wote, kisha anakwenda kinamasi cha Liangshan kujiunga na waasi.

Nilihesabu mara ngapi Lin Chong alichagua utii kabla ya usiku ule, nikachoka kuhesabu.

Lakini tusiwapambe mashujaa

Hapa niwe mkweli, maana baadhi yetu tukisikia neno "waasi" tunaanza kupiga makofi. Wakati mwingine Liangshan inapata watu kwa njia zilezile za Gao Qiu. Wakimtaka kamanda Qin Ming, wanamvalisha mtu mavazi yake, wanachoma vijiji kwa jina lake. Serikali inaamini ameasi, inamuua mke wake, naye hana pa kurudi. Wakimtaka Zhu Tong, Li Kui wa mashoka mawili anamuua mtoto wa miaka minne ambaye Zhu Tong alikabidhiwa amlee. Na wanawake wengi kitabuni wanaishia vibaya, huku msimulizi akiona sawa. Nilikifunga kitabu siku mbili baada ya kisa cha yule mtoto.

Msamaha

Sasa twende pale panapouma. Song Jiang, aliyekuwa karani wa wilaya, anakuwa kiongozi wa wote 108. Ukumbi wao uliitwa wa kukutanika kwa ajili ya haki. Yeye anaongeza utii kwenye jina. Kwenye karamu anatunga wimbo wa kutamani Kaizari awasamehe. Wu Song anapinga waziwazi. Li Kui anaipiga meza teke.

Baadaye Liangshan inashinda vita mfululizo, na Gao Qiu mwenyewe anakamatwa akiwa hai. Fikiria: chanzo cha yote kiko mikononi mwao. Song Jiang anampigia magoti, anamwandalia karamu, anamwomba akawaombee msamaha kwa Kaizari, kisha anamwachia aende. Lin Chong yupo pale pale, anamkodolea macho ya hasira.

Kosa la Song Jiang, kwa maoni yangu, halikuwa kuzungumza na serikali. Watu hawawezi kuishi kinamasini milele. Kosa ni kwamba alipokuwa na nguvu ya kudai haki, aliomba radhi. Anayeomba msamaha amekwisha kukubali kwamba mkosaji ni yeye. Upanga wa hila, bohari iliyochomwa, hakuna aliyeviulizia tena. Gao Qiu alibaki ofisini.

Msamaha unakuja, nao wanatumwa kupigana na Fang La, mwasi mwenzao. Wanaorudi mji mkuu ni 27. Wu Song amepoteza mkono, anabaki hekaluni Hangzhou. Lin Chong anapooza na kufia hukohuko. Song Jiang anapewa cheo, kisha anatumiwa pombe yenye sumu. Akijua anakufa, anamwita Li Kui na kumnywesha sumu ileile, asije akaasi kwa kulipiza kisasi.

Msomaji aliyekata mkia

Mwaka 1641 hivi, Jin Shengtan wa Suzhou alitoa toleo la sura 70. Yeye hakutaka waasi wasamehewe, basi akakata msamaha wote na kumalizia kwa ndoto ambamo wote 108 wanakatwa vichwa. Toleo lake ndilo lililosomwa zaidi kwa karne nyingi. Mwaka 1642, serikali ya nasaba ya Ming, ikizongwa na uasi, ilipiga kitabu marufuku. Miaka miwili baadaye mji mkuu wake ukaangukia mikononi mwa waasi.

Na Jin mwenyewe? Mwaka 1661 wasomi wa Suzhou walikusanyika kwenye hekalu la Confucius kumlalamikia mkuu wa wilaya aliyewakandamiza watu kwa kodi. Watu 18 walikatwa vichwa. Jin Shengtan alikuwa mmoja wao.

Nikimrudia jamaa yangu: sisemi angekataa kusaini. Ada ilikuwa imelipwa na mama yake, na mama haishi kinamasini. Ila ningeweza kumwambia, "Twende pamoja, tuombe barua itaje na maji." Sikumwambia. Wiki iliyopita nilimweleza hadithi ya Lin Chong akitazama Gao Qiu anavyokaribishwa karamuni. Alinyamaza, halafu akasema, "Niazime hicho kitabu."

Maswali ya kujadili

1. Song Jiang alimnywesha Li Kui sumu kwa utii, kwa upendo, au kwa woga?
2. Kundi linalodai haki lifanye nini na yale liliyowatendea wasio na hatia, kama yule mtoto wa miaka minne?
3. Ungekuwa wewe ndiye mhariri, ungeishia sura ya 70 au ya 100? Kwa nini?