Dripu Zimekwisha, Tiba Bado: Somo Kuhusu Saratani ya Matiti

Somo la robo hii linawahusu akina mama waliomaliza dawa za saratani ya matiti kwa njia ya dripu, yaani tibakemia, pamoja na wanaowauguza. Tumelichagua kwa sababu katika kutembelea vikundi vya Ngara na Biharamulo tumekutana na akina mama ambao, baada ya dripu ya mwisho, walirudi nyumbani wasiende tena hospitali. Uvimbe ulikuwa umenywea, maumivu yamepungua, nywele zimeanza kuota. Nani angependa kuuza mbuzi mwingine kwa safari ya Mwanza wakati anajiona mzima?

Hapo ndipo penye hatari. Uvimbe kunywea ni dalili njema, lakini si kupona. Wagonjwa wengi wa kwetu hufika hospitali uvimbe ukiwa mkubwa, ndiyo maana daktari huanza na dripu ili upungue na uweze kukatwa vizuri. Wakulima mtatuelewa: shamba limefyekwa, visiki havijang'olewa. Mama akiishia hapo, ugonjwa huota tena, na mara nyingi hurudi ukiwa mkali kuliko mwanzo.

Hatua inayofuata, kwa mama aliyeanza na dripu, ni upasuaji. Kwa kawaida hufanyika wiki 3 hadi 6 baada ya dripu ya mwisho. Muda huo huachwa ili damu ijirudishe na mwili upate nguvu; ukizidi wiki 8 bila sababu ya kitabibu, faida ya dripu huanza kupotea. Kwa hiyo tarehe ya upasuaji iulizwe kabla ya kutoka hospitali siku ile ya dripu ya mwisho, isingojewe barua wala simu. Kwa wengi wetu hospitali hiyo ni Bugando, Mwanza. Tangu Juni 2025 gari linapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi badala ya kungoja kivuko, nalo ni jambo la kushukuru, ingawa nauli na chakula cha njiani bado ni mzigo.

Katika wiki hizo za kungoja kuna jambo moja tunaloliomba lisomwe mara mbili. Dripu hupunguza kinga ya mwili. Mama akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, asinunuliwe dawa ya malaria dukani na kulala. Apelekwe siku hiyo hiyo hospitali iliyo karibu, iwe Murgwanza, Rulenge, Nyamiaga au Biharamulo, na neno la kwanza kwa mhudumu liwe: “Huyu alipewa dripu za saratani.” Malaria ipimwe, ndiyo, lakini damu nayo ipimwe, maana maambukizo ya kawaida yanaweza kumwua kwa siku chache.

Tuseme wazi kuhusu upasuaji wenyewe. Pale uvimbe ulipokuwa mkubwa, mara nyingi titi lote huondolewa pamoja na tezi za kwapani. Waume wasiambiwe habari hii mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Tumeona nyumba zilizoyumba kwa sababu hakuna aliyezungumza na baba mapema, na tumeona nyingine ambako mzee wa kanisa na shemeji mmoja mwenye busara walikaa naye jioni moja tu, ikatosha. Baada ya upasuaji, mkono wa upande ule ufanyishwe mazoezi kama alivyofundishwa hospitali: kuchana nywele, kupandisha vidole ukutani kidogo kidogo. Jembe na ndoo ya maji virudiwe polepole. Mkono ukianza kuvimba au kuwa mzito, aende kliniki mapema. Wanaokanda na kuchanja chale waachane nao kabisa.

Kisha mionzi, ambayo wengi huhitaji. Kwa miaka mingi ilipatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake. Sasa hata Bugando ipo. Mgonjwa hupigwa siku 5 kwa wiki, kwa wiki 3 hadi 5, dakika chache kila mara, naye hasikii maumivu. Ngozi inaweza kuwa nyeusi na kuwasha. Alama wanazomchorea kifuani asizifute. Mionzi hii haiambukizi: anaweza kumpakata mjukuu jioni ile ile. Gumu ni mahali pa kulala kwa wiki zote hizo. Hapa ndipo kikundi kinaweza kusaidia kweli: ndugu aliyeko Mwanza atafutwe mapema, na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ionwe kabla fedha hazijakwisha, si baada.

Mwisho kuna vidonge, na hapa tunasisitiza karatasi. Kipimo cha kinyama huonyesha kama saratani hiyo inalishwa na homoni. Ikiwa ndivyo, mama hupewa tamoksifeni, kwa kawaida miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, wakati mwingine 10. Kwa wenye aina hiyo, miaka 5 ya kidonge hiki hupunguza vifo vya saratani ya matiti kwa karibu theluthi moja. Kwa wasio na aina hiyo hakisaidii, hivyo jirani asigawiwe. Huleta joto la ghafla mwilini. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au damu ikitoka ukeni bila mpango, aende hospitali. Asishike mimba akiwa anakitumia, hata kama hedhi ilikoma wakati wa dripu. Sindano, vijiti na vidonge vya uzazi wa mpango havimfai, maana vina homoni. Aulize kuhusu kondomu au kitanzi cha shaba. Wachache wenye aina iitwayo HER2 huhitaji trastuzumabu kila wiki 3 kwa mwaka mmoja, huku moyo ukipimwa. Ni dawa ya gharama, basi bima iulizwe.

Sisi tunaomba pamoja na wagonjwa na tutaendelea kuomba. Lakini mwombeaji anayemwambia mama atupe vidonge ili kuonyesha imani, wachungaji wamwite na kuzungumza naye.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Katika mtaa wenu, nani amemaliza dripu, na tarehe yake ya kurudi ni lini? Karatasi zake ziko wapi, na je, zimefungwa katika mfuko wa plastiki mahali pasipovuja mvua? Safari yake ikiangukia kabla ya kahawa kuuzwa, nauli itatoka wapi?